Koti la baridi la mbwa, likishonwa Mombasa

Mtu wa Mombasa akishona koti la baridi huogopa baridi kupita kiasi. Anaketi mbele ya cherehani jasho linamtiririka, feni inapeperusha pateni zake, halafu anajaribu kukisia usiku wa Milima ya Taita mwezi wa Julai ukoje. Kisio hilo huzaa koti nene kama godoro. Mbwa akivishwa anatembea miguu imekakamaa, na usiku wa manane analing'oa kwa meno na kulala bila kitu. Makoti ya namna hiyo tumeyafumua mengi, na karibu yote pamba yake ilikuwa tele. Kasoro ilikuwa kwapani na kifuani.

Baridi yenyewe inaweza kukadiriwa kabla ya kuinunulia pamba. Hewa hupoa kwa takriban nyuzi 6 kila unapopanda mita 1,000. Usiku ambao Mombasa ni nyuzi 22, kilele cha Vuria, ambacho ni kirefu kuliko vyote vya Taita kwa mita zake 2,208, kitakuwa kwenye nyuzi 9 hivi, na ukungu juu yake. Mjini Wundanyi ni afadhali. Kwa baridi ya kiasi hicho, mbwa wa kienyeji mwenye nywele fupi na uzito wa kilo 15 hadi 20 anatoshwa na tabaka moja la pamba ya polista ya gramu 100 kwa kila mita ya mraba, mradi kitambaa cha juu kizuie upepo. Gramu 200 ziweke kwa safari za Nyandarua au miteremko ya Mlima Kenya, karibu na mita 3,000, au kwa mbwa mzee na mtoto wa mbwa ambao mwili hauhifadhi joto vizuri. Mbwa wa manyoya mazito hahitaji pamba Taita. Mshonee koti jepesi la mvua, umwachie manyoya yake yafanye kazi.

Jambo moja la kuuliza kabla hujakata kitambaa: mbwa haruhusiwi ndani ya hifadhi za taifa, kwa hivyo kambi iwe ya mtu binafsi au ya kijiji, na mwenyewe awe amekubali kwa maneno yasiyo na shaka.

Vitu vya kununua

Hesabu zote hapa chini ni za mbwa mmoja wa mfano, ili upate kufuata: shingo sm 40, mgongo sm 54, kifua sm 64, kiuno sm 50. Kwa mbwa huyo nunua sm 75 za kitambaa cha juu chenye upana wa sm 150, sm 75 za flisi ya bitana (kitambaa cha polista chenye manyoya laini), kipande cha ile pamba ya polista cha sm 60 kwa 60, mita 1.5 ya ukanda wa mkoba wenye upana wa sm 2.5, bizimu mbili za plastiki za kubofya zinazoingia ukanda huo, nusu mita ya lastiki ya sm 2, mita moja ya utepe unaong'aa ukimulikwa na tochi, na gurudumu moja la uzi wa polista. Uzi wa pamba usiukubali hata ukipewa bure. Hunywa maji, huoza, na kwenye unyevu wa Pwani huanza kukatika kabla kitambaa hakijachakaa.

Kitambaa cha juu kiwe nailoni au polista iliyopakwa upande mmoja isipitishe maji, kile cha mikoba au cha makoti ya mvua. Asiyekipata afumue miavuli miwili mikubwa iliyovunjika mbavu. Kitambaa cha mwavuli ni chepesi, kinazuia upepo vizuri na mvua kiasi, na vipande vyake vya pembetatu vikiunganishwa viwili viwili vinatoa badani nzima, yaani kipande cha kufunika mgongo na mbavu. Mshono wa muungano uwekwe kwenye uti wa mgongo, kisha ufunikwe na ule utepe unaong'aa, maana hapo ndipo maji yatakapotafuta njia. Turubai liache. Lina kelele, halikunjiki, na ukingo wake unakata ngozi.

Bitana ni flisi. Usiweke pamba ya kawaida kama ya kanga au fulana, hata kama ni laini mkononi. Ikilowa inabaki imelowa, na mbwa anatoka kwenye umande wa asubuhi akiwa amevaa kitambaa cha maji. Flisi nayo isigeuzwe kuwa upande wa nje, kwa sababu kule Taita njia zimejaa kishonanguo, na jina la mmea huo halikutolewa bure. Utang'oa mbegu moja moja hadi jua litue.

Njia ya mkato ni soko la Kongowea. Kwenye mitumba kuna makoti yaliyofura ya watu wazima na watoto, na mgongo wa koti kubwa la mwanamume hutoa badani ya mbwa wa kilo 18 ikiwa na pamba na bitana tayari. Angalia mawili tu kabla ya kulipa. Kwanza minya vizuri na usikilize kwa vidole: ukihisi vijiti vidogo vyembamba, ndani mna manyoya ya bata. Koti hilo lirudishe. Ukilikata tu, manyoya yatajaa nyumba nzima, na kwa unyevu wa Mombasa yakilowa hayakauki hadi yanuke. Pili, likunje mkononi kwa nguvu kisha uliachie. Pamba nzima hufura tena papo hapo. Iliyokufa hubaki imejikunyata, na hiyo haina joto hata likionekana zuri kwenye lundo. Joto la koti lote ni hewa iliyonaswa katikati ya nyuzi. Hewa ikikosa nafasi, umenunua kitambaa tu.

Zipu na vifungo vya chuma visiingie kwenye orodha. Chumvi ya hewa ya bahari huvila hata vikiwa kabatini. Velkro inakubalika kwa mbwa mwenye nywele fupi, ila hujaa nyasi na nywele kwa safari mbili na kuacha kushika, na wapo mbwa wanaorukwa na akili kwa sauti yake ya kubanduka. Bizimu inamaliza shida zote mbili.

Kupima

Mbwa apimwe akiwa amesimama kwa miguu yote minne, akitazama mbele, na mtu mwingine akimshikia kitu cha kumvutia usawa wa pua. Akikaa, kifua kinapanuka na mgongo unarefuka, na vipimo vyote vitakuwa vya mnyama mwingine. Shingo ipimwe pale ukanda wake unapokaa. Mgongo ni kutoka hapo hadi mkia unapoanzia. Kifua ni nyuma tu ya miguu ya mbele, mahali palipo panene zaidi. Kiuno ni palipo pembamba. Vipimo viwili zaidi husahauliwa na ndivyo vinavyoamua kila kitu: upana wa nafasi kati ya miguu ya mbele kifuani, na mzunguko wa kichwa usawa wa masikio. Huyu wa mfano ana sm 11 kati ya miguu na sm 43 kichwani, yaani kichwa ni kikubwa kuliko shingo. Kaba ikishonwa kwa kipimo cha shingo peke yake, haipiti.

Ukimpelekea fundi kazi hii badala ya kushona mwenyewe, mpelekee vipimo na kitambaa kipya, usimpelekee mbwa. Mafundi wengi wa Mombasa ni Waislamu wa madhehebu ya Shafi, ambayo kwayo mate na unyevu wa mbwa ni najisi inayotakiwa kuoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Fundi hatakataa kazi, lakini kumwekea mezani koti lililokwisha kuvaliwa na kulambwa ili atie kiraka ni kumkosea adabu, na pengine kumwachia kazi ya kusafisha cherehani na nguo za wateja wengine. Shona kiraka nyumbani. Na kusema kweli vipimo vya mtu aliyemzoea mbwa wake huwa bora kuliko vya fundi ambaye mbwa anamnusanusa miguu.

Pateni

Koti lina sehemu tatu: badani inayofunika mgongo na mbavu, ulimi unaopita kati ya miguu ya mbele na kufunika kifua, na kaba ya shingoni. Kwa nini si kipande kimoja cha kuzungusha mwili mzima? Kwa sababu mbwa hulala kwa tumbo na ubavu, na pamba inayolaliwa hubanwa ikapoteza hewa yake. Pamba ya tumboni ni uzito tu na unyevu. Ulimi ushonwe kwa kitambaa cha juu na flisi, bila pamba katikati.

Badani ya mfano wetu ina urefu wa sm 51, yaani pungufu ya mgongo kwa sm 3 ili mkia uwe huru na uchafu usifike. Ikunje karatasi katikati na uchore nusu. Ukingo wa shingo, sm 16. Shuka sm 18, hapo upana wa nusu uwe sm 27. Endelea hadi mwisho ukipunguza polepole, umalizie na sm 20. Kati ya shingo na sehemu pana, sm 6 za kwanza ziende moja kwa moja, maana zitaungana na ulimi begani. Baada ya hapo chora kikwapa, pindo la kuingia ndani lenye kina cha sm 4, ambalo mguu wa mbele utachezea.

Ulimi una upana wa sm 12 shingoni, unapungua hadi sm 8 kati ya miguu, kisha unapanuka hadi sm 22 nyuma ya miguu. Zile sm 8 zimetokana na sm 11 kutoa 3, na hizo 3 zisiguswe. Ulimi mpana kuliko nafasi yake husugua ngozi ya ndani ya kwapa, ambayo haina nywele, na saa mbili za kutembea zinatosha kutoa kidonda. Mwisho wa ulimi wa mbwa dume ukome angalau sm 6 kabla ya uume, la sivyo atalikojolea koti usiku wa kwanza. Jike anaweza kufunikwa zaidi, lakini hakuna haja.

Jumlisha uone: badani sm 54, ulimi sm 22, jumla 76, pande zikipandana sm 3 kila upande zinabaki sm 70. Kifua ni 64. Sm 6 za ziada ndizo za kupumua, kukimbia na kujikunja. Kaba ni kipande cha flisi cha sm 46 kwa 14, kikatwe upande ambao flisi inavutika, ili sm 44 zilizobaki baada ya mshono zipite kichwani bila kupigana.

Hadi hapa umepata kipimo cha bitana. Kitambaa cha juu kikatwe kipana zaidi, na hili ndilo wengi hawalijui hata miongoni mwa wanaoshona vizuri. Kitu kikizungushiwa unene wa sm 1, mzunguko wake wa nje huongezeka kwa zaidi kidogo ya sm 6. Pamba yetu, ikiwa na unene wa sm 1, inafunika thuluthi mbili ya mwili hivi, kwa hivyo badani ya nje iongezwe sm 4 za upana. Ukikata juu na chini sawasawa, kitambaa cha nje kitavutika juu ya pamba kama ngozi ya ngoma na kuikandamiza, na gramu 100 zitafanya kazi ya 50. Zile sm 4 hazimalizwi pembeni. Kunja marinda mawili madogo ya sm 2 kila moja kwenye ukingo wa shingo na mengine mawili kwenye ukingo wa mkia, na katikati kitambaa kitabaki kimelegea juu ya pamba.

Ongeza sm 1 ya mshono kila ukingo wa badani na ulimi, kisha uweke nailoni kando. Kwanza kata koti la majaribio kwa shuka kuukuu au leso iliyopauka, ulishone kwa bandi, yaani mishono mirefu ya muda, umvike mbwa alfajiri kabla jua halijapanda. Marekebisho yote yafanyike kwenye leso. Nailoni iliyopakwa haisamehe: kila tundu la sindano hubaki tundu.

Kushona

Kwa sababu hiyo hiyo usitumie pini kwenye kitambaa cha juu. Vibanio vya kuanikia nguo vinashika kingo vizuri. Cherehani nyeusi ya kawaida, ya mkono au ya miguu, inatosha. Kazi yote ni mshono ulionyooka. Tia sindano mpya namba 14 kwa vitambaa na namba 16 kwa ukanda wa mkoba, hatua ya mshono iwe milimita 3 hadi 3.5. Hatua fupi hutoboa nailoni kama stempu, na siku mbwa akijinyoosha kwa nguvu inachanika kwenye mstari. Cherehani ikiruka mishono kwenye flisi, karibu kila mara sindano ni butu au imeingia nyuzi za flisi. Nailoni ikijikunyata, legeza uzi wa juu. Halafu zile cherehani zilizokaa miezi kadhaa bila kazi karibu na bahari huwa na kutu kwenye kishikio cha bobini. Ishone kipande cha kitambaa kibovu kwanza hadi mafuta na kutu vitoke, la sivyo doa litakuwa kwenye flisi mpya.

Anza na pamba. Itandike juu ya upande wa ndani wa bitana ya badani, ikatwe pungufu kwa sm 1 kila upande ili isiingie kwenye mshono wa ukingo. Ishike kwa bandi, kisha ipigwe mistari kama mfarishi, umbali wa sm 10 hadi 12 kati ya mstari na mstari, hatua ndefu ya milimita 4. Weka gazeti chini ya pamba unaposhona, meno ya cherehani yasiing'ang'anie. Ukimaliza lichane, linatoka lenyewe. Legeza pia kishinikizo cha mguu wa cherehani kwa skrubu ya juu, vinginevyo mguu unaisukuma pamba mbele na mstari wa mwisho unakuta imejaa upande mmoja.

Angalia kwamba mistari hiyo imepita bitana na pamba tu. Kitambaa cha juu hakikuguswa. Ukiipitisha hadi nje, kama yanavyofanywa makoti mengi ya dukani, kila mstari unakuwa safu ya matundu ya maji na mahali ambapo pamba imebanwa hadi sifuri. Linapendeza dukani, lakini ukungu wa Taita unalipenya.

Kanda na bizimu vishonwe kwenye kitambaa cha juu kabla ya kuunganishwa na bitana. Choma ncha za ukanda kwa kiberiti hadi ziyeyuke kidogo, zisifumuke. Nyuma ya kila mahali pa kushonea weka kiraka cha nailoni cha sm 5 kwa 5, kisha shona mraba na msalaba ndani yake. Mbwa akivutwa na kichaka, nguvu yote inaishia hapo. Bizimu ikae ubavuni juu, mahali ambapo mbwa hailalii. Ikiwa chini ya kwapa, au usawa wa mbavu anazolalia, ataitafuna.

Halafu unganisha. Mabega ya badani na ulimi yashonwe sm 6, kitambaa cha juu kwa kitambaa cha juu na bitana kwa bitana. Sasa weka koti la nje na la ndani uso kwa uso, uzungushe mshono kila mahali isipokuwa shingoni na nafasi ya sm 15 upande wa mkia. Kwenye mapindo ya kikwapa kata vijino vidogo kila sm 1.5 bila kufika kwenye uzi, la sivyo ukigeuza pindo litasimama gumu kama ukingo wa kikapu. Geuza kupitia mkiani. Usipige pasi: nailoni huyeyuka, na pamba ya polista hulala moja kwa moja. Bonyeza kingo kwa kucha.

Kwenye ukingo wa nyuma, kabla ya kuziba ile nafasi, shona sm 20 za lastiki ukiivuta ifike sm 30. Inabana kiuno taratibu na kuzuia upepo kuinua koti. Wengine huongeza vitanzi vya lastiki vya kuingiza miguu ya nyuma. Kwa usiku mmoja ni sawa. Kwa safari ya siku tatu vinakwangua mapaja. Kaba ije mwisho: kunja flisi katikati iwe na kimo cha sm 6 baada ya mshono, ipachikwe shingoni, mshono uelekee nje.

Kama mbwa huvaa mikanda ya kifuani ya kufungia kamba, mvike, weka koti juu, na utie alama pale pete ilipo. Toboa tundu la sm 3 kama la kifungo, ulizungushie uzi kwa mkono na kiraka cha nailoni. Kamba isifungwe kamwe kwenye koti lenyewe.

Kumjaribu

Kiganja kilicholala kipite kifuani, vidole viwili vipite shingoni. Kisha mwache asimame, akae, alale, ajikunje na ajikune. Akikaa kaba ikimgonga masikio, badani ni ndefu. Koti likihamia upande mmoja, kanda hazilingani au kifua kimelegea. Hatua zikiwa fupi, kikwapa hakijaingia vya kutosha. Punguza, usimlaumu mbwa. Baada ya safari ya kwanza pitisha mkono kwapani na mbele ya kifua: nywele zilizolala kinyume au ngozi nyekundu zinaonyesha mahali pa kurekebisha kabla kidonda hakijatokea.

Majaribio ya Mombasa yasizidi dakika tano. Mbwa hapoi kwa jasho la mwili kama binadamu. Hupoa kwa kuhema, na koti la baridi kwenye joto letu linaweza kumfikisha pabaya haraka. Ni hivyo hivyo njiani. Voi ni tanuri, na hata Mwatate mchana ni joto, basi koti likae kwenye begi hadi kambini. Akiwa anapanda mlima pia asivae. Mvike akishasimama na kupumua kwa utulivu, na awe mkavu, maana koti juu ya manyoya yaliyolowa hufungia unyevu ndani. Mfute kwa taulo kwanza. Usiku ingiza mkono chini ya koti nyuma ya kiwiko: ngozi ikiwa ya moto na anahema, mvue. Akijikunja mviringo na kutetemeka, tatizo mara nyingi ni ardhi. Mkeka hautoshi. Mtandikie kipande cha sponji nzito ya kambi, sm 60 kwa 80, kwani tumbo lake halina pamba na tumeeleza kwa nini.

Moto wa kambi na nailoni havipatani. Cheche moja inayeyusha tundu la ukubwa wa shilingi na plastiki ya moto inashika manyoya, kwa hivyo karibu na moto koti livuliwe au mbwa akae upande ambao upepo unatokea. Na mwenye tabia ya kutafuna asiachwe peke yake amelivaa. Pamba ya polista iliyomezwa inaweza kuziba utumbo.

Kuliosha na kuliweka

Fua kwa mkono, maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo, bila dawa ya kulainisha nguo kwa kuwa inaua uwezo wa kitambaa kukataa maji. Lililoingia bahari lisuuzwe siku ile ile. Lisikamuliwe kwa kusokotwa. Libane kati ya mataulo mawili. Anika kivulini penye upepo, likigeuzwa ndani nje kila baada ya saa chache. Wakati wa kusi siku moja inatosha. Masika ya Aprili na Mei huenda ikachukua siku mbili, na lisipokauka hadi katikati ya pamba, wiki ya pili kabatini litakuwa na kuvu. Jaribio ni kulibana shavuni: pamba yenye unyevu ni baridi kuliko kitambaa kinachoizunguka. Likikauka litundikwe limelegea. Mfuko wa kubana ni wa safarini tu. Likikaa humo miezi, pamba inasahau kufura.

Tundu la cheche au mwiba hutiwa kiraka cha kitambaa kile kile cha mwavuli, kilichokatwa duara ili pembe zisibanduke, kikapakwa gundi ya mpira inayokunjika badala ya kushonwa. Kiache usiku kucha chini ya kitabu kizito, juu ya sehemu hiyo tu, pamba ya pembeni isilaliwe.